Sababu Nyingine (Taja)

Nilipewa orodha ya kampuni mia mbili na kumi,
beji yenye picha niliyofumba jicho moja,
na swali lililovaa suti:
Ni nini kilichoivuta kampuni yako hadi Birmingham?

Chini yake visanduku sita.
Kodi. Reli. Wahitimu. Kasi ya intaneti. Bei ya pango.
La sita mkiani, kitindamimba:
Sababu nyingine (taja).
Mstari mmoja, sentimita saba.

Daktari Hesketh, mkuu wa utafiti, alisema
hicho cha sita ni cha adabu tu,
kama kiti cha ziada harusini.
"Watu wa kompyuta hawana maneno mengi."

Nikaanza Februari, mvua isiyonyesha wala kukoma,
nikifuata mfereji nyuma ya Digbeth,
maji rangi ya chai iliyosahauliwa,
karakana za skrubu zilizogeuzwa ofisi,
minyororo ya kuinulia vyuma ingali darini,
imepakwa rangi ya chungwa
iwe pambo.

Tranter, ambaye programu yake huhesabu shuka za hospitali,
alitia alama kwenye Reli, akaifuta, akaandika:
Mama hakutaka kuhama, nami sikutaka kumwacha.
Akauliza kama sentimita saba zinatosha.
Nikamgeuzia karatasi upande wa pili.

Sukhdeep Bahra, ghorofa ya tatu,
wafanyakazi tisa na paka asiye wa mtu:
"Andika mzee Loftus, mwenye jengo.
Alikuwa akipiga nibu za kalamu humu humu.
Miezi minne hatukumlipa, hakudai.
Kila Ijumaa alipanda ngazi, akakaa, akatazama viwambo vyetu,
akasema: sielewi kitu, ila naona mnafanya kazi.
Tulimzika Novemba."
Nikauliza, basi niweke Bei ya pango?
Alinitazama kama niliyemtukana marehemu.

Ottilie Marsh alimkimbia mume, mvungu wa macho bado mweusi,
na treni ya Birmingham ndiyo iliyokuwa ya kwanza ubaoni.
"Basi Reli," nikasema.
Tukacheka mpaka mtu wa ofisi ya jirani akagonga ukuta.

Mmoja tu alijaza visanduku vyote vitano,
kijana wa mikono ya roboti, viatu vyeupe pe.
Juni anahamia Leeds.
Wamempa kodi nafuu zaidi.

Usiku, kwenye chumba changu cha Erdington,
nilikuwa nikiingiza majibu kwenye jedwali,
na jedwali halikujua la kufanya na mama wa Tranter.
Moja au sifuri, lilisema.
Nikakaa nalitazama lile neno, kuvuta.
Kwetu ni neno la kamba, la sigara, la pumzi.
Ni neno la mgeni mlangoni:
vuta kiti.

Ripoti ilitoka kurasa themanini na nne,
jaladani daraja linalong'aa kuliko daraja lenyewe.
Ukurasa wa kumi na tisa, duara la rangi:
kodi samawati, reli kijani,
na kipande cha kijivu, asilimia thelathini na nane, Nyinginezo.
Mchoraji aliniambia alichagua kijivu
kwa sababu kisivutie macho.

Baraza likakaa Jumanne.
Diwani Pargeter, miwani puani, kidole juu ya duara,
akaruka samawati, akaruka kijani.
"Hiki kikubwa ni nini?"
Hesketh akakohoa. Akanywa maji. Akakohoa tena.
"Msaidizi wangu," akasema, "ana… maelezo."

Nilikuwa nimesimama ukutani, karibu na birika la kahawa,
na mfuko wa dukani uliojaa karatasi
zilizoandikwa pande mbili, nyingine hadi pembeni.
Diwani akanionyesha nafasi mezani.
Nikavuta kiti.

Sikujua nianze na nani.
Nikaanza na paka.